Shangazi, mtoto kakutwa na sikoseli, mama anasema sio damu yetu

Shangazi shikamoo.

Naomba jina usinitaje maana kijiweni kwetu wanakusoma wakiwa wanasubiri abiria, wakijua ni mimi nimekwisha.

Mimi naendesha bajaji Tandika, nina mke, mtoto mmoja wa kiume wa mwaka na miezi minne, na mke wangu saa hizi ana mimba nyingine inaingia mwezi wa tano. Kwetu ni Kanda ya Ziwa, mke wangu mtu wa Rufiji. Tumeishi vizuri tu, ugomvi wetu ulikuwa ule wa kawaida wa hela ya kula na nani kamaliza bando, mpaka hili jambo lilipoingia ndani.

Mtoto alizaliwa mzima kabisa shangazi. Ananyonya, anakua, kadi ya kliniki inapanda. Alipofika kama miezi minane ghafla viganja vikavimba na miguu kwa juu, ukimgusa kidogo tu analia mpaka sauti inakata. Tulikuwa na binti wa kazi, tukajua kamuangusha anatuficha, tukamfukuza siku ileile hata mwezi wake hatukumlipa. Zahanati wakasema malaria, wakatupa dawa, uvimbe ukaisha, baada ya muda ukarudi tena na binti alishaondoka zamani. Mara homa, mara kifua, mara anakataa kula, yaani hela ya bajaji yote ikawa inaishia dirisha la dawa.

Juzi kati akapandisha homa kali, viganja na midomo ikawa myeupe, macho ya njano, anahema mbio mbio. Tukakimbia hospitali usiku, akaongezewa damu, kabla ya kumuongezea wakachukua ya kwenda kupima. Majibu yakatoka yameandikwa SS. Daktari akasema mtoto ana selimundu, yaani hiyo sikoseli, ni ugonjwa wa kurithi kutoka kwa wazazi, mtaanza kliniki, akaandika dawa, nyuma yetu foleni imefika mlangoni nikashindwa hata kuuliza.

Nikampigia mama yangu kumweleza. Mama akaniambia sikiliza mwanangu, ukoo wetu hauna ugonjwa huo, hakuna hata mmoja, huyo mwanamke kakuletea kutoka kwao, na kama hata kwao hawana basi kaa ujiulize huyo mtoto ni wa nani. Shangazi toka siku ile silali. Mzee wangu alishafariki, mama ndo kila kitu kwangu, hajawahi kunidanganya. Nikimwangalia mtoto natafuta sura yangu naona kama ipo naona kama haipo. Nimehamia kulala sebuleni, mke wangu haniulizi, analia tu akidhani sioni.

Ukoo wetu kweli sijawahi kusikia mtu ana sikoseli. Mama alizaa wawili kabla yangu wakafariki wadogo lakini hao ilikuwa bandama tu, enzi hizo kijijini, wengine wote tuko fiti.

Halafu maneno ni mengi. Bibi yake mke wangu anataka tumpeleke kijijini akachanjwe tumbo. Jamaa mmoja kijiweni anasema watoto wa hivyo hawavuki miaka mitano nisijifilisi bure. Mwingine kanirushia tangazo la dawa ya mitishamba, inamaliza sikoseli kabisa kwa siku 21, laki tatu na nusu, nusu unatanguliza. DNA nimeulizia nikaona ni safari ndefu.

Sasa naomba uniambie huu ugonjwa unatokana na nini hasa, mtoto ni wangu au sio wangu, na huyu wa tumboni itakuwaje.

Baba wa Mmoja, Tandika

*

Marahaba mwanangu, na pole sana, mpe pole na mama mtoto.

Nitaanza na swali lako la katikati maana najua ndo limekufanya uandike, hayo mengine umeyapanga kulizunguka.

Kila binadamu ana maelekezo ya kutengeneza hemoglobini, ile kitu ndani ya damu inayobeba hewa ya oksijeni na kuifanya damu iwe nyekundu. Maelekezo hayo yanakuja nakala mbili, moja umepewa na baba, moja na mama. Nakala ya kawaida wanaiita A. Ipo yenye hitilafu wanaiita S, na hitilafu yenyewe ukiambiwa utacheka, ni herufi moja tu ya vinasaba imebadilika, kitofali kimoja cha protini kikakaa mahali pa kingine, basi, mambo yote haya unayoyaona yanaanzia hapo. Mwenye A mbili ni AA. Mwenye A moja na S moja ni AS, huyu kabeba tu, haumwi. Mwenye S mbili ni SS, huyu ndiye mgonjwa.

Mtoto wako ni SS. S moja kapewa na mama yake. Haya, ya pili? Mkeo hawezi kumpa zote mbili hata angetaka, mama anatoa nakala moja tu, na baba anatoa moja. Kwa hiyo hiyo kauli ya "mwanamke kakuletea" hesabu inaikataa, mwanamke kaleta nusu, nusu nyingine imeletwa na mwanaume. Daktari aliposema wazazi wewe ukasikia mama. Sio wewe tu, wodi ya watoto nimefanya kazi mpaka nikastaafu na kila siku ilikuwa hivyo, mama kakaa kitandani na mtoto, baba yuko nje koridoni anapigiwa simu na ndugu zake kuambiwa kwao hakuna.

Na hiyo "kwetu hakuna" nikuambie kwa nini haina uzito. Mtu wa AS anacheza mpira, anabeba magunia, anazaa watoto wanane, anakufa uzeeni na hajui kama alikuwa na hicho kinasaba cha S. Kinaweza kutembea kwenye ukoo vizazi na vizazi bila kumlaza mtu hata siku moja, mpaka AS akutane na AS mwenzie. Hapa Tanzania inakadiriwa kwenye kila watu 100 kati ya 13 na 20 ni AS, hebu piga hesabu hapo kijiweni kwenu mko wangapi. Na nchi yetu ni miongoni mwa zilizo juu kabisa duniani kwa watoto wanaozaliwa na ugonjwa huu, tunaongelea kama watoto 11,000 kila mwaka. Tena kimejaa zaidi sehemu zenye malaria nyingi tangu enzi za mababu, maana AS inamkinga mtoto asife kwa malaria kali, kuna daktari anaitwa Anthony Allison aliliandika hilo mwaka 1954 baada ya kupima watu huku huku kwetu Afrika Mashariki. Wenye AS wakabaki hai wakazaa, kikaendelea. Sasa wewe wa Kanda ya Ziwa, mwenzio wa Rufiji, nyote mmetoka kwenye malaria. Mimi hapo hata sishangai.

Cha kufanya: kapime. Sio mkeo, wewe. Ukifika maabara usiseme tu "nipimeni sikoseli", maana kuna kile kipimo cha haraka cha zamani cha kuangalia tu kama S ipo, hakikutenganishii AS na SS. Sema unataka elektroforesisi ya hemoglobini, kile kipimo kinachotenganisha aina za hemoglobini, au vile vipimo vipya vya haraka vinavyoonyesha AA, AS au SS. Ukikutwa AS, hoja ya mama imekwisha.

Ila nisikudanganye, AS sio DNA. Haithibitishi wewe ni baba, kama ambavyo wanaume wengine kibao hapa Dar ni AS na sio baba zake. Inachofanya ni kuondoa ile sababu pekee iliyokufanya uanze kuwa na wasiwasi, maana ukiniondolea hiyo ya sikoseli kwenye barua yako yote sioni kingine ulichomshuku mkeo. Na ukikutwa AA je? Hapo ndo nakuomba ufunge mdomo, usimpigie mtu, chukua majibu yako na ya mtoto na ya mkeo mrudi kwa daktari wa damu. Maabara hukosea, karatasi huchanganywa, na zipo hitilafu nyingine za damu kama thalasemia ambazo zikikutana na S moja mtoto anaumwa vilevile na karatasi inaweza kumsoma kama SS. Daktari ndo ataelekeza nini kirudiwe. Hiyo DNA unayoiwazia ni ya Mkemia Mkuu wa Serikali, huendi dirishani peke yako unapelekwa na barua ya ustawi wa jamii au mahakama au wakili, na ukishaianza hata majibu yakiwa yako ndoa haibaki ilivyokuwa. Usianzie mwisho.

Haya tuje kwenye ugonjwa wenyewe maana mtoto ndiye anayeumia sisi tunabishana ukoo.

Chembe nyekundu ya damu ya kawaida ni ya duara, laini, inajikunja inapita hata kwenye mshipa mwembamba kuliko yenyewe. Ya SS ikishaachia oksijeni yake, au mwili ukikaukiwa maji, au ukipigwa baridi, au homa ikipanda, inakakamaa inapinda na kuwa kama mundu. Wewe dereva utanielewa, ni lori limekwama kwa upana kwenye uchochoro wa Kariakoo, nyuma yake hakipiti kitu. Sehemu iliyo mbele ya pale haipati damu, haipati hewa, inaanza kuuma, na ni maumivu ambayo mtu mzima mwenye misuli yake analia. Ndo ule uvimbe wa viganja na miguu. Kwa mtoto mdogo mifupa midogo ya mikono na miguu ndo inaanza kuzibwa, na kwa wengi ni dalili ya kwanza kabisa. Yule binti wa kazi hakumuangusha mtu. Mtafuteni mumpe mshahara wake.

Unaniuliza mbona alizaliwa mzima. Mtoto anapozaliwa bado ana hemoglobini ya tumboni, ile haikakamai, inamlinda. Kuanzia kama miezi sita inapungua, ya kwake mwenyewe inachukua nafasi, na hapo ndo dalili zinaanza kutoka moja moja. Ndo maana mtoto ananawiri mpaka watu wanasema kapigwa jicho.

Damu kupungua nako kuna sababu yake. Chembe ya kawaida inaishi siku kama 120, hii ya mundu inaishi 10 mpaka 20 inavunjika, mwili unatengeneza usiku na mchana haufikii. Na zikivunjika zinaacha rangi ya njano, inapanda machoni. Sio homa ya manjano, na ukiona njano imeongezeka ghafla kuliko siku zote mpeleke. Halafu sikiliza hili, msimpe dawa za chuma za kuongeza damu kwa kujinunulia, sijui sirapu ya nini, huyu hajapungukiwa chuma mpaka apimwe ionekane, na akiongezewa damu mara nyingi chuma kinazidi mwilini kinaharibu ini na moyo. Juisi ya rozela anywe kama juisi tu, haimdhuru, ila isije ikawa ndo matibabu.

Kadiri anavyokua utaona na mengine. Anachoka kabla ya wenzie. Anakojoa sana na kitandani anakojoa mpaka umri ambao wenzie wameacha, figo haziwezi kubana mkojo vizuri, kwa hiyo usije ukamchapa, na usimnyime maji usiku kwa sababu ya godoro. Anaweza kuchelewa kurefuka na kubalehe. Wakubwa wanapata vidonda vya miguu karibu na kifundo visivyopona, nyonga zinauma, mawe kwenye nyongo, na macho kuathirika. Na kwa kuwa ni wa kiume nakuambia na hili ambalo wengi wanaona aibu, uume unaweza kusimama wenyewe bila sababu na ukauma hautaki kulala, akiwa mkubwa ajue ni ugonjwa huohuo aseme, ikizidi masaa manne ni dharura, wapo vijana wameficha mpaka wakaharibikiwa kabisa.

Sasa yale ya kukutoa mbio. Homa, kuanzia 38 na kuendelea, nunueni kipimajoto kiwe ndani, hii sio ya kusubiri asubuhi wala kumpa Panadol muone. Kiungo kinachopigana na vijidudu fulani vya nimonia na vya kwenye damu ni bandama, na kwa hawa watoto bandama linaharibika mapema sana, homa ya jioni ikiachwa inaweza kumuua kabla hakujapambazuka. Mwingine ni kifua kuuma na kuhema kwa shida. Mwingine mkono au mguu kulegea upande mmoja, mdomo kwenda pembeni, maneno kumpotea, hicho ni kiharusi na watoto wa sikoseli wanakipata kweli, sio cha wazee peke yao. Na mtoto kupauka ghafla huku tumbo la kushoto limejaa, hapo bandama limenyonya damu na kuifungia ndani, ni saa chache tu ulizo nazo. Mwambie nesi wa kliniki awaonyeshe kupapasa bandama, liko kushoto chini ya mbavu, mpapase taratibu kila siku mnapomuogesha mjue saizi yake, ili likikua mjue.

Ndo maana nikisikia kuchanja tumbo napandwa na hasira. Bibi hana nia mbaya, wazee waliona tumbo limevimba wakaamini damu mbaya itoke. Lakini mtoto asiye na damu unamtoa damu, na wembe, juu ya bandama lililojaa, na kinga yenyewe hana. Pepopunda, virusi vya UKIMWI, vidonda. Mwambie bibi kwa heshima kwamba atuombee dua, wembe hapana, na kumkanda tumbo pia hapana.

Za kila siku sio nyingi. Maji, maji, maji, chupa isikauke, siku za jua la Dar ndo usiseme. Asipigwe baridi, maji ya kuoga yawe ya vuguvugu, feni isimpulize usiku kucha, asubuhi za mwezi wa sita na wa saba usimpakie kwenye bajaji kifua wazi upepo unampiga, na masika akilowa abadilishwe nguo hapohapo. Chandarua kila usiku bila kukosa, maana hapa ndo watu wanachanganya, AS ndiye anayekingwa na malaria, SS malaria ikimpata inaweza kummaliza haraka. Muulizeni daktari kuhusu dawa ya kukinga malaria. Foliki, ile vitamini ya kusaidia mwili kutengeneza damu, kila siku. Penisilini ya kunywa asubuhi na jioni mpaka afike miaka mitano, hata kama haumwi, hata kama anacheka, hii ndo wazazi wanaiacha kwa sababu mtoto amechangamka. Chanjo zote, ikiwemo ya nimonia ambayo ipo bure kwenye kliniki ya kawaida, angalia kadi kama alimaliza.

Akianza maumivu, mpe maji, mpe dawa ya maumivu aliyoandikiwa kwa kipimo cha uzito wake, mkande na kitambaa cha moto wa kawaida, barafu marufuku, aspirini asipewe. Haitulii, hospitali. Na ukifika pale usisubiri kwenye benchi kwa adabu, sema kwa sauti huyu ni mgonjwa wa selimundu, onyesha karatasi.

Na kuna dawa moja uiulizie kwa jina, haidroksiyurea. Inairudisha mwilini ile hemoglobini ya utotoni niliyokuambia inamlinda, maumivu yanapungua, kuongezewa damu kunapungua, na imefanyiwa majaribio kwa watoto wa Kiafrika haohao kwenye nchi zenye malaria ikaonekana salama. Inaanza hata kwa mtoto wa miezi tisa. Sio ya kununua mwenyewe, inataka kupimwa damu kila mara kwa sababu ikizidi inashusha chembe, lakini ni dawa ya kweli. Akifika miaka miwili aanze pia kupimwa mishipa ya kichwani kwa mashine ya mawimbi ili kujua mapema kama yuko kwenye hatari ya kiharusi, ulizieni Muhimbili, pale kuna programu ya selimundu tangu 2004, Profesa Julie Makani ndiye jina lake linasikika mpaka nje ya nchi kwa kazi hiyo.

Huyo jamaa yako wa miaka mitano hajatunga. Zamani, na hata sasa kwa watoto wasiogunduliwa, wengi wanaondoka kabla ya mitano, kwa homa zilezile za kupuuzwa na damu kuisha ghafla. Wanaotibiwa wanasoma, wanaoa, wapo mainjinia na wapo manesi niliofanya nao kazi zamu moja. Mwambie habari yake ni ya mtoto asiyetibiwa.

Na tangazo lifute. Mitishamba ya kumaliza SS kwa siku 21 haipo, S iko kwenye kila seli ya mtoto, hunywi kitu ikatoka. Kinachoponya kabisa mpaka leo ni kupandikiza uboho, ile nyama laini ndani ya mifupa inayotengeneza damu, kutoka kwa mtu anayefanana naye, mara nyingi ndugu wa baba mmoja mama mmoja, na hapa nchini inafanyika, Hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma wameshawafanyia watoto wa selimundu, ila si kila mtoto anapata wa kufanana naye na ina hatari zake. Uingereza na Marekani mwisho wa 2023 waliruhusu tiba ya kurekebisha vinasaba vyenyewe, bei yake kule Marekani inavuka dola milioni mbili kwa mgonjwa mmoja, sasa huyo wa laki tatu na nusu kaipata wapi. Hiyo laki tatu na nusu ulizia bima.

Huyu wa tumboni. Kama wote ni AS, kila mimba ni hesabu mpya, nafasi moja kati ya nne atoke SS, mbili kati ya nne atoke AS kama nyie, moja kati ya nne atoke AA. Kila mimba, nasisitiza. Watu wanafikiri mmoja akishatoka mgonjwa watatu wanaofuata wamepona, hapana, nimeona nyumba ina watatu wote SS na nimeona nyumba ya watano wote wazima. Mkeo aseme kliniki ya wajawazito kwamba ana mtoto wa selimundu, na mtoto akizaliwa apimwe mapema kabisa, msisubiri mikono ivimbe. Akiwa mchanga kile kipimo cha zamani kinaweza kusema hana kumbe anacho, kwa hiyo ni ile ile elektroforesisi au vile vipya. Baada ya huyo kuzaa zaidi au kuacha ni kikao chenu wawili, mkishajua majibu yenu, sio kikao cha ukoo.

Kabla sijaacha, kuna sentensi moja umeipitisha haraka. Mama yako alizika watoto wawili wadogo, na ilikuwa "bandama tu". Mimi siwezi kukuambia walikufa na nini, malaria nayo inavimbisha bandama na enzi hizo ilibeba wengi. Lakini mtoto mdogo, bandama, mara mbili kwa mama mmoja, kwenye mkoa wenye S nyingi, na leo mjukuu ni SS... nesi yeyote akisikia hivyo anakaa sawa kwenye kiti. Kama wewe ni AS basi umepewa na mmoja wao, mama yako au marehemu mzee, hakuna mlango wa tatu. Na mimi nadhani mama yako ana hofu ya jambo hilohilo kuliko anavyoonyesha kwenye simu, maana miaka yote hiyo hakuna aliyemwambia wanawe waliondoka na nini, na vijijini mama anayezika wawili huwa anasemwa sana, mara nyingine watu wanamwita mchawi. Hayo aliyomtupia mkeo yawezekana yeye alitupiwa kabla yako.

Kwa hiyo leo rudi ukalale chumbani. Wiki hii kapime, mkeo naye apime ili muwe na karatasi mbili. Majibu yakitoka, mpigie mama wewe mwenyewe, mkeo asishike hiyo simu, mweleze ya nakala mbili kama nilivyokueleza, polepole, halafu muulize wale watoto wawili walianzaje kuumwa, walivimba mikono? macho yalikuwa njano? Msikilize mpaka amalize hata kama atachukua saa nzima. Vocha weka ya kutosha.